Bibi Kasema, Faili Lasemaje?

Januari 2024 shirika la Claims Conference, linaloshughulikia fidia za Wayahudi walioteswa na utawala wa Kinazi, lilitangaza hesabu ya manusura waliokuwa bado hai: takriban 245,000 duniani kote, wametawanyika katika nchi zaidi ya 90. Nusu yao walikuwa wamevuka miaka 86. Wengi wa manusura hao walikuwa watoto vita vilipokwisha mwaka 1945, na wapo waliokuwa bado wakibebwa mgongoni. Mtu aliyeingia kambini akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto na duka lake, ambaye angeweza kueleza alisaini karatasi gani mbele ya ofisa gani, karibu hapatikani tena. Anayekuja shuleni kusimulia siku hizi ni binti yake, na kadiri miaka inavyokwenda ni mjukuu.

Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa miongo kadhaa, shule nyingi za Marekani, Israel na Ulaya Magharibi zilifundisha Maangamizi ya Wayahudi, au Holokosti kama wengine wanavyoyaita, kwa kumtegemea mgeni mmoja: mzee aliyekaa mbele ya darasa, akakunja mkono wa shati, akaonyesha namba aliyochorwa Auschwitz. (Wanafunzi wengi huondoka wakidhani kila manusura ana namba hiyo. Auschwitz peke yake ndiko walikochora wafungwa, na waliopelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakuandikishwa kabisa.) Siku ya mgeni mwalimu alikuwa na kazi ndogo: kuleta maji ya kunywa na kuwanyamazisha watoto wa viti vya nyuma. Mgeni akiwa mjukuu, kazi inamrudia mwalimu. Mjukuu hakuona. Alisikia, tena alisikia mezani, vipande vipande, kutoka kwa mtu aliyempenda.

Nionavyo mimi, hadithi ya familia bado ndiyo njia bora ya kumwingiza kijana katika somo hili. Lakini ikiachwa peke yake hufundisha mambo ambayo hayakuwa, na mara nyingine huficha yale yaliyokuwa. Inapaswa kuulizwa maswali kama shahidi yeyote anavyoulizwa, kwa adabu zote anazostahili mzee, na kuwekwa kando ya hati, tarehe na majina.

Tuanze na uzuri wake. Wayahudi milioni sita waliuawa, kati yao watoto wapatao milioni moja na nusu. Kijana wa miaka 15 akisomewa tarakimu hizo huzinakili daftarini, basi. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu wanafunzi zaidi ya 8,000 wa England, nchi ambako somo hili ni la lazima. Wengi waliyaona mauaji yale kama kazi ya Hitler na wafuasi wake wa karibu. Polisi wa mtaa, karani wa reli na jirani aliyenunua samani za Wayahudi kwenye mnada hawakuonekana katika picha waliyokuwa nayo vichwani.

Hadithi ya nyumba moja huwarudisha watu hao. Aprili 1933 baba aliye mtumishi wa serikali anafukuzwa kazi. Septemba 1935 sheria za Nuremberg zinamwondolea uraia kamili na kumkataza kuoana na asiye Myahudi. Agosti 1938 inatoka amri kwamba mwanamume wa Kiyahudi ambaye jina lake halimtambulishi kuwa Myahudi aongeze jina la Israel, na mwanamke wa namna hiyo jina la Sara. Oktoba pasipoti zinapigwa muhuri wa herufi J. Novemba, siku chache baada ya masinagogi kuchomwa, watoto wanaondolewa katika shule za serikali. Kila amri ilikuwa na karani wake, na karani huyo alikuwa na jina na saa za kufungua ofisi. Darasa likifuatilia familia moja kupita amri hizo, halihitaji kuambiwa kwamba mauaji hayakuanzia kwenye vyumba vya gesi.

Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano wa karibu. Walter Zweig alikuwa mwanasheria huko Leobschütz, mji ambao leo umo Poland. Mwaka 1938 alikimbilia Kenya akawa mtu wa shamba, kazi asiyoijua hata kidogo, na mkewe Jettel akamfuata pamoja na binti yao Stefanie, aliyekuwa hajatimiza miaka sita. Vita vilipoanza Septemba 1939 Waingereza waliwakamata wanaume wa Kijerumani nchini Kenya kama maadui, wakiwamo Wayahudi waliomkimbia Hitler. Mtoto alikua akizungumza Kiswahili na watu wa shambani. Mwaka 1947 familia ilirudi Ujerumani, na Stefanie Zweig akaja kuandika riwaya ya maisha hayo, Nirgendwo in Afrika, iliyotoka mwaka 1995. Filamu yake ilipata Oscar mwaka 2003.

Filamu hiyo inapendeza, na hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa macho. Mandhari ya Kenya ni mazuri mno. Mpishi Owuor anapendwa na kila mtazamaji. Mwanafunzi anaweza kumaliza akiwa na huruma nyingi kwa familia iliyopata shida za ugenini, huku ndugu waliobaki nyuma wakimpita bila kuwaona. Katika riwaya barua zao zinapungua, zinafupika, kisha zinakoma. Swali la darasani ni hilo: zilikoma lini, na mwezi huo treni gani ya kuwahamisha Wayahudi iliondoka kutoka mji walikoishi?

Kuna hati moja ndogo ambayo ningependa kila mwalimu awe nayo. Wakati wa vita, posta ya kawaida ilipokatika, watu waliruhusiwa kutumiana ujumbe kupitia Msalaba Mwekundu, kwenye fomu iliyopigwa chapa, maneno yasiyozidi 25, na habari za familia tu. Jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ileile. Ujumbe ulipita kwa wakaguzi na kuchukua miezi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anahamishwa kupelekwa mashariki aliandika kwamba wote ni wazima, kwamba wanasafiri, kwamba watoto wabusiwe. Mpe mwanafunzi nafasi ya maneno 25 na mwambie mkaguzi atasoma. Kisha mwonyeshe fomu halisi, halafu umweleze neno la safari lilimaanisha nini. Atajifunza kusoma hati za utawala wa kikatili vizuri zaidi kuliko kwa kusoma kurasa kumi za maelezo.

Hilo ni zoezi la kusoma. Lisichanganywe na michezo ya kuigiza ambayo walimu wengine huipenda: kuwavika watoto nyota ya njano, kuwagawa kuwa walinzi na wafungwa, kuwasimamisha juani. Mwongozo wa IHRA, muungano wa nchi zinazoshughulikia kumbukumbu hii, uliotolewa mwaka 2019, unakataza jambo hilo, na ni haki. Mtoto aliyesimamishwa juani nusu saa hajui chochote kuhusu Auschwitz. Anachojua ni kwamba mwalimu wake alimsimamisha juani.

Sasa tuje kwenye udhaifu wa kumbukumbu, maana hapa pana utajiri. Art Spiegelman, Mmarekani aliyezaliwa na manusura wawili wa Auschwitz, alimhoji baba yake, Vladek, kwa miaka kadhaa, akachora kitabu cha katuni kiitwacho Maus, ambamo Wayahudi ni panya na Wajerumani ni paka. Juzuu zake mbili zilitoka mwaka 1986 na 1991, na mwaka 1992 kikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Januari 2022 bodi ya shule za kaunti ya McMinn, Tennessee, ilikitoa katika mtaala wa darasa la nane kwa sababu ya maneno machache ya matusi na mchoro mdogo wa mwanamke aliye uchi. Mwanamke huyo ni mama wa mchoraji, aliyejiua mwaka 1968.

Pana ukurasa mmoja katika juzuu ya pili ambao kwa maoni yangu unafaa kuwa somo la kwanza la ualimu wa historia. Vladek anaeleza walivyokuwa wakitolewa langoni kwenda kazini. Mwanawe, ambaye amekwisha kusoma vitabu, anamuuliza habari za bendi ya wafungwa iliyokuwa ikipigishwa muziki pale langoni. Baba anakana. Anachokumbuka yeye ni kutembea tu na walinzi wakifoka. Mwana anamwambia kwamba jambo hilo lina ushahidi tele, baba hayumbi. Mchoraji afanyeje? Anaichora bendi. Katika kisanduku kinachofuata anachora safu ya wafungwa ikipita mbele yake, wengi kiasi kwamba bendi imezibwa na ncha za ala tu ndizo zinazochungulia. Hakumwita baba yake mwongo, wala hakuifuta hati. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini vyote viwili vimo ukurasani ameelewa jambo ambalo wasomi wengi hulizungukia.

Katika kitabu hichohicho tunajua kwamba mama, Anja, aliandika habari zake katika madaftari, na kwamba baada ya kifo chake Vladek aliyachoma. Hadithi nzima ya Maus, basi, ni ya mume. Ya mke imekuwa majivu. Kila familia ina sauti iliyozungumza na sauti iliyozimwa, na mara nyingi aliyezimwa ni mwanamke. Mwalimu aulize hilo mapema: nani katika nyumba hii hakusimulia, na kwa nini?

Kukosea kumbukumbu ni jambo moja, kubuni ni jingine. Mwaka 1995 mtu aliyejiita Binjamin Wilkomirski alichapisha kumbukumbu za utoto wake kambini. Ikagundulika kwamba alizaliwa na kukulia Uswisi na hakuwahi kuona kambi. Misha Defonseca, aliyedai kuvuka Ulaya akiwa mtoto na kulelewa na mbwa mwitu, alikiri mwaka 2008 kwamba ni uongo. Mwaka huohuo kitabu cha Herman Rosenblat kilizuiwa kabla hakijatoka. Rosenblat alikuwa manusura wa kweli. Kilichokuwa uongo ni kisa cha msichana aliyemrushia matofaa kupitia ua wa kambi, ambaye eti baadaye ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Miongoni mwa waliowashuku hawa walikuwa wanahistoria na manusura wenyewe, si wanaokanusha Maangamizi tu. Lakini wakanushaji ndio wanaofaidika kila shule inapomeza kisa bila kukitafuna.

Mpaka hapa nimesema juu ya familia za walioteswa. Zipo za waliotesa, na kuhusu hizi mtaala wa nchi nyingi hunyamaza, ingawa kwa idadi ndizo nyingi zaidi. Mwaka 2002 Harald Welzer na wenzake wawili walichapisha kitabu cha Kijerumani chenye jina linalomaanisha kwamba babu hakuwa Mnazi. Walikuwa wamezihoji familia 40 za Kijerumani, vizazi vitatu kila moja. Walichokuta ni cha kushangaza: mjukuu akisimulia tena habari za babu, babu huwa mwema zaidi. Bibi mmoja aliyeishi jirani na kambi ya Bergen-Belsen alieleza, tena bila aibu, alivyofanya hila baada ya vita ili asipangiwe Wayahudi na Warusi waliotoka kambini kulala nyumbani kwake. Habari ilipofika kwa mjukuu wake, bibi alikuwa amewaficha Wayahudi. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mjukuu alikuwa amesoma shuleni, tena vizuri, jinsi Wanazi walivyokuwa waovu. Naye alimpenda bibi yake. Akaviunganisha viwili hivyo kwa njia pekee aliyoona inawezekana.

Fikiria maana ya hilo kwa mwalimu. Kadiri shule inavyofundisha ubaya wa Wanazi bila kugusa nyumba za wanafunzi, ndivyo nyumba hizo zinavyojisafisha. Somo linazalisha uongo mpya huku likidhani linaufuta wa zamani. Dawa waliyoianza Wajerumani wengine ni ya kuchosha lakini inafaa: mwanafunzi aende kwenye hifadhi ya nyaraka, aombe faili la babu yake, aone kadi ya chama na kikosi alichotumikia, kisha arudi mezani akiwa na karatasi mkononi.

Kuna mwanamke mmoja ambaye maisha yake yanakataa mgawanyo wote huu. Jennifer Teege alizaliwa Munich mwaka 1970, mama Mjerumani, baba Mnigeria. Alilelewa katika nyumba ya watoto yatima, kisha katika familia iliyomchukua. Alisoma Israel, akajifunza Kiebrania, akawa na rafiki wa huko. Akiwa na miaka 38, katika maktaba ya Hamburg, alichomoa kitabu rafuni akaona picha ya mama yake mzazi. Kumbe babu yake alikuwa Amon Göth, mkuu wa kambi ya Płaszów, aliyenyongwa mwaka 1946, yuleyule anayeonekana katika filamu ya Schindler's List. Kitabu alichoandika mwaka 2013 kinasema jambo hilo tangu jaladani: babu yake angempiga risasi. Madarasa ya Ujerumani ya leo, yenye watoto wa Kituruki, Kisiria na Kikongo, yanahitaji hadithi za namna hii, kwa sababu mtoto ambaye babu yake hakuwako Ujerumani huambiwa kimyakimya kwamba somo hili halimhusu. Aulizwe naye: mwaka 1944 jamaa zako walikuwa wapi? Mtoto wa Kikenya au Kitanzania huenda akagundua kwamba babu yake alikuwa Burma na King's African Rifles, akipigana upande uleule uliomshinda Hitler, na akarudi nyumbani kwenye kodi ya kichwa.

Je, njia hii inahamishika? Rwanda imejaribu katika kufundisha mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na uhusiano wake na Ulaya ni wa moja kwa moja. Jumba la kumbukumbu la Kigali, pale Gisozi, lilifunguliwa mwaka 2004 kwa ushirikiano na Aegis Trust, asasi iliyoanzishwa na ndugu wawili wa familia ya Smith, ambao mwaka 1995 walifungua kituo cha kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi huko Nottinghamshire, Uingereza. Pale Gisozi wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna chumba cha watoto: picha kubwa, jina, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, halafu namna alivyouawa. Mkono wa hadithi ya familia unaonekana wazi.

Lakini katika darasa la Rwanda mambo ni magumu zaidi kuliko Berlin au New York. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilishughulikia kesi zipatazo milioni mbili. Maana yake ni kwamba mjukuu wa aliyeuawa na mjukuu wa aliyehukumiwa hukaa dawati moja, na nyumba zao ziko kilima kimoja. Mwalimu wa Poland anapomwambia mwanafunzi aende kumhoji bibi, Wayahudi wa mji ule hawapo tena wa kusikia jibu. Mwalimu wa Huye, Rwanda, akisema hivyohivyo, jibu linaweza kurudi darasani kama jiwe. Kwa hiyo huko hadithi iliyorekodiwa ya mtu wa mbali, hata ya Myahudi wa Łódź, inaweza kuwa salama kwa kuanzia kuliko ya nyumbani. Wapo wanaoliona hilo kuwa kukwepa. Mimi naliona ni busara, mradi lisiwe mwisho wa safari.

Halafu kuna jambo ambalo hadithi za familia haziwezi kulitibu hata zikikusanywa zote. Kila anayesimulia ana ndugu aliyenusurika. La sivyo asingekuwapo kusimulia. Poland ilikuwa na Wayahudi milioni 3.3 kabla ya vita, na takriban milioni tatu waliuawa. Darasa likisikia kisa cha kutoroka, kisa cha kufichwa, kisa cha mlinzi aliyegeuza uso, limesikia visa vya wachache mno. Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, imewatambua watu zaidi ya 28,000 walioponya Wayahudi kwa kuhatarisha maisha yao. Ni wengi wa kuheshimiwa, lakini Ulaya ilikuwa na mamia ya mamilioni ya watu. Kijana anayelishwa filamu za waokoaji hujikuta akidhani uokoaji ulikuwa jambo la kawaida.

Chukua kambi ya Bełżec, kusini-mashariki mwa Poland. Kati ya Machi na Desemba 1942 waliuawa hapo watu zaidi ya 430,000, karibu wote Wayahudi. Baada ya vita, waliotoa ushahidi wa ndani ya kambi hiyo walikuwa wawili tu. Rudolf Reder aliandika kijitabu mwaka 1946. Chaim Hirszman alianza kutoa ushahidi wake mjini Lublin Machi 1946 na akauawa kabla hajaumaliza. Hakuna mjukuu wa Bełżec anayezunguka mashuleni. Kama mtaala umejengwa juu ya wageni na familia peke yake, mojawapo ya mahali palipouawa watu wengi zaidi panatoweka katika somo.

Wapo waliolijua hilo wakiwa bado hai. Katika mtaa wa Wayahudi wa Warsaw, uliozungushiwa ukuta, mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliunda kikundi cha siri kilichokusanya kila kitu: shajara, barua, kadi za mgao wa chakula, insha za watoto wa shule, hata karatasi za kufungia peremende. Walivizika ndani ya masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Sehemu moja ilifukuliwa mwaka 1946, nyingine mwaka 1950. Ya tatu haijapatikana hadi leo. Ringelblum aliuawa Machi 1944 pamoja na mkewe na mwanawe. Watu hawa hawakutegemea wajukuu. Waliandika wakijua hawatakuwa nao, na zile kurasa takriban 35,000 zinafanya kazi ambayo familia zilizofutika hazingeweza kuifanya.

Kuna mjadala mwingine unaopendwa na magazeti, kwamba machungu hurithiwa katika damu. Chanzo chake ni utafiti wa Rachel Yehuda na wenzake wa mwaka 2015, uliowapima manusura 32 na watoto 22. Idadi hiyo ni ndogo sana kubeba uzito uliowekwa juu yake, na mwalimu hana sababu ya kuwaambia vijana kwamba huzuni imo kwenye jeni. Kwamba watoto wa manusura walilelewa na wazazi waliopiga kelele usingizini na kuficha mkate chini ya mto, hilo halihitaji maabara. Helen Epstein, binti wa manusura, aliliandika mwaka 1979.

Teknolojia nayo imeahidi kuziba pengo. Tangu mwaka 1994 taasisi iliyoanzishwa na Steven Spielberg imerekodi shuhuda zaidi ya 50,000, nazo ni hazina isiyo na mfano. Siku hizi baadhi ya manusura wamerekodiwa wakijibu mamia ya maswali ili kompyuta ichague jibu linalolingana na swali la mwanafunzi. Wa kwanza alikuwa Pinchas Gutter, aliyepelekwa kambi ya Majdanek akiwa mtoto. Huko dada yake pacha, Sabina, aliuawa siku waliyofika. Gutter anasema hakumbuki uso wake. Anakumbuka msuko wake wa nywele za dhahabu. Mashine inaweza kulirudia jibu hilo hata baada ya miaka mia. Haiwezi kumwambia mwanafunzi kwamba swali lake lilikuwa la kijinga, au kwamba leo mzee amechoka.

Na swali ambalo wanafunzi wa Nairobi, Zanzibar na London wataliuliza kabla ya yote, hasa tangu Oktoba 2023: mbona Gaza? Mwalimu anayelizuia hupoteza darasa. Anayeligeuza kuwa mizani, mateso ya huku yapimwe na mateso ya kule, hupoteza somo. Hadithi ya bibi aliyefichwa darini Amsterdam haihalalishi bomu lolote la leo, na bomu la leo halifuti dari lile. Mambo haya mawili yanaweza kusemwa katika kipindi kimoja na mtu mwenye subira. Asiye na subira heri aombe msaada kwa mwalimu mwenzake.

Kwetu sisi liko jina moja lisilopaswa kukosekana. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa vitani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wao wa vita, dai likakataliwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajawa kansela, alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Aliomba nishani ya waliopigana vita vya kwanza, akanyimwa. Alicheza katika filamu, ikiwamo ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, yuleyule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo Gestapo walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Bila kesi, alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Hakuuawa katika mpango wa kuwaangamiza Wayahudi, na tofauti hiyo lazima ielezwe. Lakini sheria iliyowatenganisha Wayahudi kwa damu ilitafsiriwa, tangu mwaka 1935, kuwahusu pia Waroma na watu weusi.

Habari zake zimetufikia kupitia mafaili: madai, barua, karatasi za kukataliwa, ambazo Marianne Bechhaus-Gerst alizifuatilia na kuandika kitabu mwaka 2007. Mwaka huo pia liliwekwa jiwe lenye bamba la shaba mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, mjini Berlin, moja ya mawe zaidi ya 100,000 ya msanii Gunter Demnig, kila moja mbele ya mlango alikoishi mtu. Mwalimu wa sekondari anayefundisha Vita Kuu ya Pili Temeke au Kisauni hana haja ya kumsubiri mgeni kutoka Jerusalem. Aanze na faili hili: aliomba nini, nani alimkatalia, kwa sheria ipi. Kisha awatume wanafunzi nyumbani kuuliza babu na bibi walikuwa wapi miaka ile, na waandike tarehe, majina na jina la aliyesimulia. Waliokwenda Burma karibu wote wamekwisha kufariki, lakini watoto wao wapo, nao wamezeeka. Wahojiwe mwaka huu.